Eda Kando ya Nyamuragira

Illuminée Nyirarukundo hakutambua kwamba alikuwa ameketi sakafuni. Alikuwa mtu wa kutazama; aliweza kuokota jiwe jeusi njiani, akaligeuza kiganjani mara moja na kusema lilitoka mlima gani, tena kama lilipoa haraka au polepole, na wanafunzi wake wa jiolojia walimwogopa kidogo kwa sababu hiyo. Lakini alasiri ile, nyumbani kwa majirani zake wa Rwezamenyo, alivua viatu mlangoni, akakunja miguu juu ya mkeka kama wanawake wengine waliokuwa chumbani, akaanza kueleza habari za milima ya moto. Na muda wote alipokuwa akieleza, kile alichokikalia hakikumpitia akilini hata kidogo.

Yalikuwa matanga ya Sangwa, kifungua mimba wa Bi Gwiza. Sangwa alikuwa mfanyabiashara wa vitenge mjini Goma. Figo zilipomshinda aliletwa Kigali kutibiwa, na mkewe, Shami, akaja naye akiwa na mkoba mmoja wa nguo, kwa kuwa walidhani watakaa juma moja. Akafariki, akazikwa Nyamirambo kabla ya jua kutua. Sasa ilikuwa siku ya tatu. Khitma ilikuwa imesomwa, turubai lilikuwa bado limetandwa uani, na ndani vitanda vilikuwa vimesimamishwa ukutani ili mikeka ipate nafasi. Bi Gwiza peke yake alikaa kitini, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa kukunjwa tangu miaka mingi.

Illuminée hakuwa wa damu yao wala wa dini yao. Alikuwa Mkatoliki, amelelewa Bujumbura, ambako wazazi wake walikimbilia wakiwa vijana. Kiswahili chake alikiokota katika vichochoro vya Buyenzi, na ndicho kilichomfungulia mlango wa nyumba hii. Siku ya kwanza alipokuja kupanga nyumba ya jirani, Nkusi, mdogo wake Sangwa, alikuwa kwenye cherehani yake barazani. Alimsikia akimwomba mchukuzi kwa adabu asiburure kabati, akainua kichwa na kusema, “Huyu ni mtu wa nyumbani.” Tangu hapo walimhesabu hivyo, na kwa kuwa alikuwa akifundisha chuo kikuu, walimwita Mwalimu.

Swali lililomngoja siku ile lilikuwa moja: Shami akae wapi eda yake? Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na sheria inapenda akae katika nyumba ya mumewe. Nyumba ya Sangwa ilikuwa magharibi ya Goma, kwenye barabara ya Sake, imejengwa juu ya lava ya zamani. Shami alitaka kurudi huko. Nkusi hakutaka kusikia jambo hilo. Walikwenda kwa shehe wa msikiti wao, naye akawajibu kwa upole kwamba mjane anayehofia uhai wake halazimiki. Anaweza kuikalia eda mahali penye amani. “Lakini hofu iwe ya kweli,” alisema, “isiwe ya kusikia. Muulizeni anayeijua milima ile. Kama hatari ipo, akae hapa. Kama haipo, arudi nyumbani kwa mumewe.” Hivyo neno la Illuminée lilikuwa limefanywa kuwa hukumu hata kabla hajalitamka.

Nkusi alisimama nje ya pazia la mlango, kama ilivyompasa mwanamume, akazungumza kwa sauti ya kuwafikia waliomo ndani.

“Mwalimu, usitufiche. Ile mlima iko na hasira. Mwaka jana imekula nyumba za watu mpaka karibu na uwanja wa ndege.”

“Shemeji,” Shami alijibu kutoka ndani, “iliyokula nyumba za watu ni Nyiragongo. Sisi tuko upande wa Nyamuragira. Lakini wewe milima utaijulia wapi? Unajua vifungo tu.”

“Vifungo havijawahi kumchoma mtu.”

“Na sindano je?”

Wanawake walicheka kicheko kifupi cha matangani, kile kinachozimwa kabla hakijafika uani. Shami mwenyewe hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Lakini utani wa shemeji ni kama salamu, haukosi kujibiwa kwa sababu ya msiba.

“Dada,” alimwambia Illuminée, “mimi nataka nikae mahali ambapo viatu vyake viko mlangoni. Hapa kwa mama mkwe ninapendwa, sisemi kitu. Lakini hapa alikuja kufa tu. Kule aliishi. Nieleze kama kuna hatari, na kama haipo, unisaidie kumnyamazisha huyu fundi.”

Basi Illuminée akaeleza. Alijua kueleza, na kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kuanza na kile ambacho msikilizaji tayari anacho.

“Nyamuragira ni mlima wa aina ya ngao,” alisema. “Hauna kilele kinachotoboa mawingu kama Karisimbi. Umelala. Ukiuona kwa mbali utadhani ni ngao ya askari iliyowekwa chini, mgongo juu. Mama, ukipika uji mwepesi, mapovu yake yanafanyaje?”

“Yanapanda, yanapasuka, basi,” alisema Bi Gwiza.

“Na uji mzito uliosahauliwa motoni?”

Bi Gwiza alinyoosha mkono na kuonyesha kovu la duara juu ya kifundo. “Huo unatema. Huu hapa ni mate yake.”

“Ndivyo ilivyo. Chini sana ardhini mwamba umeyeyuka, na ndani yake kuna hewa iliyobanwa kama ile ya kwenye chupa ya soda. Mwamba ulioyeyuka ni mwepesi kuliko ule wa baridi unaouzunguka, kwa hiyo unapanda. Ukikaribia juu, uzito uliokuwa ukiugandamiza unapungua, na ile hewa inaanza kutoka. Mwamba ukiwa mzito, hewa inakwama humo, inasukuma na kusukuma, mpaka siku moja mlima unapasuka. Hiyo ndiyo milipuko mnayoiona kwenye televisheni. Lakini mwamba wa Nyamuragira ni uji mwepesi. Hewa inajitokea taratibu, na lava inamwagika, inakwenda mbali, inapoa, na nyingine inapita juu yake. Tabaka juu ya tabaka, miaka kwa maelfu. Ndiyo maana mlima umekuwa mpana badala ya kuwa mrefu. Ukimwagika, mara nyingi mtu mwenye miguu mizima anaweza kuondoka akitembea.”

“Kwa hiyo hewa inatoka tu,” alisema Shami.

“Inatoka tu.”

“Inakwenda wapi?”

Nkusi aliingilia kati. “Achana na hewa, shemeji! Nyiragongo je, Mwalimu? Ile iliyokimbiza watu usiku?”

Illuminée hakuwa mtu wa kufunika ukweli. Alisema Nyiragongo si ngao. Una mbavu zilizosimama, na ziwa la lava nyepesi mno likikaa juu kama maji kwenye mtungi, na mtungi ukipasuka ubavuni lava hukimbia kuliko mtu. Lakini mara mbili alizozishuhudia yeye maishani mwake, lava hiyo iliteremkia kusini, kuelekea mjini na uwanja wa ndege. Akaomba aelezwe nyumba ya Sangwa iko wapi hasa. Akauliza juu ya mabonde na mifereji iliyo karibu. Akachora kwa kidole juu ya mkeka. Nyumba ilikuwa mbali na njia zile zote. Tena kulikuwa na vipimo vya matetemeko, na taarifa zake yeye alizisoma kila asubuhi kabla ya chai.

Hata mazuku aliwauliza. Hilo ni jina ambalo watu wa Goma huipa hewa mbaya inayotuama katika mashimo ya lava, ambamo mbuzi huingia akifuata majani asitoke.

“Lipo shimo moja nyuma ya shule,” alisema Shami. “Wameweka kibao chenye fuvu. Hatupiti pale.”

“Na nyumbani? Mmewahi kuamka na kichwa kizito, au pumzi kuwa fupi?”

“Miaka minane nimelala nyumba ile, dada. Sijawahi hata kukohoa. Labda siku niliyoanguka kutoka kitandani! Sangwa alichongesha kitanda kirefu hivi, unakipanda kama lori. Maseremala wa mtaa ule wote wanachonga hivyo, sijui wanaogopa panya. Muulize mama mkwe.”

“Mimi waliniwekea kigoda,” alisema Bi Gwiza. “Usiku mzima naogopa kugeuka.”

Safari hii Shami alicheka, na Illuminée akacheka naye, akafurahi kumwona akicheka. Miaka minane ni ushahidi mrefu. Kama mwanafunzi angemletea kipimo cha miaka minane kisicho na hitilafu, angekipokea.

“Kwa upande wa mlima,” alisema mwishowe, “sioni sababu ya kumzuia.”

“Haya,” akasema Nkusi nyuma ya pazia. “Mwenye elimu amesema. Mimi ni wa vifungo.”

Siku waliyoondoka, Illuminée aliwasindikiza hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Bi Gwiza alikuwa anakwenda pia, ili mkwewe asikae peke yake. Nkusi alitangulia kati ya wachukuzi na mabasi, begi la mama yake mkononi na mkeka uliokunjwa begani. Mkeka huo ulikuwa wa ukindu, wa zamani, kingo zake zimeshonwa upya kwa kitambaa cha suruali. Kila mtu katika ukoo aliujua. Babu wa Bi Gwiza alikuja na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akafa hapa, na pamoja na msahafu wake aliwaachia desturi: mjane wa nyumba yao halali kitandani mpaka eda iishe. Shehe alikuwa ameshawaambia zaidi ya mara moja kwamba jambo hilo halimo katika sheria. Bi Gwiza alimjibu kwamba yeye hakulitoa katika sheria, alilitoa kwa mama yake.

“Lete mkeka nipakie nyuma, mzee,” mchukuzi mmoja alimwambia Nkusi.

“Mzee ni baba yako. Na huu haukai nyuma, unakaa na mwenyewe.”

“Huo mkeka una tiketi?”

“Una kuliko wewe.”

Shami, aliyejifunika nguo nyeupe hadi kwenye paji la uso, alimshika Illuminée mkono kwa mikono miwili. Hakusema asante, alisema tu kwamba sasa angeweza kulala. Basi lilipowasha mtambo, Nkusi alimgeukia Illuminée, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na utani machoni pake.

“Mwalimu, mlima ukitikisa hata kikombe, utaniambia?”

“Nitakuambia kabla kikombe hakijatulia.”

Ahadi hiyo aliitimiza. Kila asubuhi alifungua taarifa za matetemeko, na kila asubuhi aliweza kumwambia Nkusi, akipita barazani kwake, kwamba milima yote miwili ilikuwa imetulia. Ikawa desturi yao. Nkusi, na pini midomoni, alimwinulia nyusi. Illuminée alitikisa kichwa. Nkusi akarudi kwenye mshono wake. Majuma yalipita. Mvua za masika zilianza, na mitaro ya Rwezamenyo ikajaa maji mekundu.

Jioni moja Shami alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini yenye amani. Majirani wa kike waliokuwa wakija kulala naye walikuwa wamerudi kwa waume zao, alisema, na sasa kulikuwa na baridi, madirisha yote wameyafunga. Alikuwa akisoma kurasa chache za Kurani kila usiku kwa ajili ya Sangwa.

“Na mawingu juu ya Nyamuragira?” aliuliza Illuminée. “Yanakuwa mekundu usiku?”

“Mekundu kidogo, kama mtu anachoma mkaa huko juu.”

“Ni lava iliyo ndani ya kreta, lile shimo la juu. Haina neno.”

“Mlima siujali tena, dada. Ila asubuhi kichwa kinakuwa kizito. Naamka kama mtu aliyelala na mawe.”

Illuminée alikuwa amesimama dirishani, akitazama mvua. Alimfikiria mwanamke aliyempoteza mume, aliyefungiwa ndani na ukimya. “Ni machozi hayo,” alisema kwa upole. “Huzuni ina uzito wake. Kunywa maji mengi, na usisome mpaka macho yachoke.”

“Nimesikia, dada,” alisema Shami.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja Nkusi aligonga geti. Alikuwa amesimama kwenye mvua bila mwavuli, futi yake ya kupimia bado imening'inia shingoni.

“Shami amefariki,” alisema. “Mama amepiga simu sasa hivi.”

Kitu cha kwanza alichokifanya Illuminée, na hakujisamehe kwa urahisi kwa hilo, ni kuchukua simu yake na kufungua taarifa za matetemeko. Hapakuwa na kitu. Mistari ilikuwa imenyooka. “Mlima haujafanya lolote,” alisema.

“Nani amekuuliza mlima?” alisema Nkusi. “Nakwambia Shami amefariki.”

Alimvuta ndani, akamketisha, akamuuliza ilikuwaje. Nkusi alieleza kwa vipande, kama alivyopokea. Mama aliamka alfajiri kwa ajili ya sala, akamwita mkwewe, hakuitika. Akashuka kutoka kitandani kwa kigoda chake, akaenda sebuleni. Alimkuta amelala ubavu, mkono chini ya shavu, uso hauna dalili ya maumivu. Msahafu ulikuwa kwenye marufaa. Taa ndogo ya mafuta iliyokuwa kando ya kichwa chake ilikuwa imezimika.

“Mafuta yaliisha?”

“Mama anasema yalikuwa nusu. Ndiyo kitu kilichomshangaza. Alijaribu kuiwasha tena pale pale, kiberiti kikafa. Akatoka akikohoa, akaanguka mlangoni, majirani wakamwokota.”

Illuminée aliketi. Alikuwa tayari anajua, lakini kuna maswali ambayo mtu huyauliza akitumaini kukosolewa.

“Shami alikuwa amelala wapi?”

“Si nimekwambia, sebuleni.”

“Juu ya nini?”

Nkusi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. “Mkekani. Angelala wapi? Yuko eda.”

“Na mama?”

“Mama ana magoti. Yeye yuko kitandani, kile kirefu.”

Baadaye, Nkusi aliporudi kutoka Goma baada ya mazishi, Illuminée alipata kujua mengine: kwamba fundi aliyejenga nyumba ile alifuata mteremko wa lava, hivyo sebule ilikuwa chini ya vyumba kwa vidato viwili, kwamba mchana milango ilikuwa wazi na upepo wa ziwa ulipita humo, kwamba katika miaka yote minane hakuna aliyewahi kulala sakafuni mle. Lakini asubuhi ile hakuyahitaji. Aliiona picha yote kwa ukamilifu, kama mtu anavyouona mlima mawingu yanapoinuka.

Siku chache baadaye Bi Gwiza alirejeshwa Kigali. Illuminée alikwenda kutoa pole. Vitanda vilikuwa vimesimamishwa tena ukutani. Alisita kizingitini, kisha akaingia, akaketi sakafuni karibu na miguu ya kikongwe. Nkusi alikuwa nje ya pazia. Aliisikia cherehani yake ikisimama.

“Mwanangu,” alisema Bi Gwiza, “wanasema ni mazuku. Nieleze.”

“Mama, pole kwanza.”

“Pole nimepewa na watu wengi. Wewe nieleze.”

Illuminée akaeleza. Safari hii hakutumia uji. Alisema mwamba ulioyeyuka hutoa hewa yake hata kama haupandi, hata mlima ukiwa umetulia kabisa. Hewa hiyo hupenya katika nyufa za lava ya zamani, haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hujikusanya chini kama maji. Alisema mvua ikijaa ardhini huziba matundu ya udongo nje, na hewa hiyo hutafuta njia mahali pakavu, yaani chini ya nyumba za watu. Usiku, madirisha yakifungwa, inaweza kujaa chumbani hadi kimo cha goti. Aliye juu yake anapumua. Aliye ndani yake hulala, na haamki.

Bi Gwiza alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

“Jambo hilo ulikuwa unalijua?”

“Nililijua.”

“Siku ile, ulipokaa hapa hapa?”

“Siku ile nililijua, mama. Niliuliza kama mmewahi kuugua. Mkaniambia miaka minane.”

“Tulikwambia kweli.”

“Mliniambia kweli. Sikuuliza mnalala wapi.”

“Na alipokupigia simu? Aliniambia amekupigia. Alisema umemwambia ni huzuni.”

“Nilimwambia hivyo.”

Mvua ilikuwa imepungua. Matone yalidondoka kutoka kwenye turubai uani. Bi Gwiza aligeuza uso kuelekea dirishani. Alikuwa amezeeka tangu Nyabugogo, kwa namna ambayo haihusiani na miaka.

“Usiku mmoja aliniomba,” alisema. “Aliniambia, mama, sakafu ya huku ina baridi, naomba nipande kitandani nilale nawe. Nikamwambia mama yangu alilala chini, na bibi yangu alilala chini, na hawakufa kwa baridi. Akasema, ndiyo mama. Hakuwa mtu wa kubishana.” Alimgeukia Illuminée. “Mkeka ni wangu mimi. Mlima ni wako wewe. Tutagawana, mwanangu. Hakuna namna nyingine.”

Illuminée alilaza paji la uso wake juu ya magoti ya kikongwe, yale magoti yaliyoikataa sakafu.

Sauti ya Nkusi ilitoka nyuma ya pazia. Haikuwa ya hasira. Ingekuwa afadhali kama ingekuwa ya hasira.

“Mimi niliogopa moto,” alisema. “Kwa moto nilikosea. Ulinieleza, na ulinieleza vizuri, nikaona aibu kuendelea kuogopa.”

“Nkusi,” mama yake alimwita.

“Sisemi kitu, mama. Nasema tu nilikuwa naogopa, na sasa ningependa niachiwe woga wangu.”

Cherehani ilianza tena.

Illuminée aliporudi nyumbani hakuwasha taa. Alijaribu kutafuta, katika yote aliyoyasema siku ile ya matanga, sentensi moja iliyokuwa ya uongo, na hakuipata. Ngao ilikuwa ngao. Lava nyepesi ilikuwa nyepesi. Njia za lava zilikuwa mbali na nyumba, na kwa kadiri ya vipimo vyote mlima ulikuwa umetulia, na bado umetulia. Alikumbuka Shami akiuliza hewa inakwenda wapi, na kwamba alikuwa amefungua mdomo kumjibu pale Nkusi alipoingilia. Na kwamba baadaye, alipogusia mazuku, aliyagusia kama kipengele cha kukamilisha orodha, wala hakuyaunganisha na swali la mwanamke yule, ambalo lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa chumbani mle. Alikuwa amewaeleza mlima. Watu wanaoishi juu yake hakuwa amewauliza wanaishije.

Bi Gwiza anaishi Remera sasa, kwa binti yake. Hakutamka kwamba ameiacha desturi ya nyumba yake kwa sababu ya Shami, lakini alimwambia kila mjane katika ukoo kwamba atalala kitandani, na kwamba akiulizwa, aseme Gwiza ameruhusu. Illuminée ameacha kufundisha mazuku mwishoni mwa muhula. Anayafundisha juma la kwanza, kabla hajagusia lava, na huwapeleka wanafunzi wake majumbani mwa watu kuuliza wanapika wapi, wanaoga wapi na wanalala juu ya nini. Huombwa ushauri mara chache kuliko zamani, kwa sababu huchukua muda mrefu kuutoa. Nkusi bado yuko barazani na cherehani yake. Humsalimu kila asubuhi, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mpangaji mpya, na hajamwuliza tena jambo lolote.